Dhambi ya Bunduki ni ya Nani?

Tuliulizwa darasani: aundaye silaha na kuiuza, je, ana fungu katika damu imwagwayo kwayo, au dhambi ni ya mpigaji peke yake?

Natutazame Kisii. Mwaka 1908, baada ya Otenyo kumchoma mkuki Northcote, mtawala wa Kiingereza, askari wa KAR waliletwa, na wenye mikuki wakakabiliwa na risasi. Tarehe 12 Septemba 1914 Wajerumani na Waingereza wakapigana hapo hapo. Katika vita vile askari wengi wa Kijerumani walianza na Mauser za mtindo wa 1871, zitoazo moshi mwingi. Wa Kiingereza walishika Lee-Enfield. Ugomvi haukuwa wa Wagusii, wala bunduki hazikuundwa kwao. Risasi ziliwafika, faida haikuwafika.

Faida ilikwenda wapi? Enfield kilikuwa kiwanda cha serikali, lakini bunduki zake ziliundwa pia Birmingham na BSA, kampuni ya wenye hisa. Mauser nayo ilitwaliwa mwaka 1887 na kampuni ya Loewe ya Berlin. Kutokana na Loewe ikazaliwa DWM mwaka 1896, ikamiliki hisa nyingi za kiwanda cha Herstal, Ubelgiji, kilichoundia Wabelgiji Mauser. Agosti 1914 Wajerumani walipoivamia Ubelgiji, walipigwa kwa Mauser hizo: Mjerumani wa vitani akapigwa kwa silaha ya kiwanda cha Mjerumani wa sokoni!

Atasema mtu: Mbelgiji alijitetea, na kujitetea ni haki. Kweli. Lakini muuzaji hakuuliza nani dhalimu. Aliuliza nani ana fedha.

Chuma chenyewe hakina kosa; Sura ya Hadid yataja ukali wake na manufaa yake. Ama wanachuoni wetu wa Kishafii wamekataza kumwuzia zabibu umjuaye kuwa atazifanya ulevi, na silaha umjuaye kuwa mnyang'anyi. Hukumu yafuata ujuzi: asiyejua ana udhuru, ajuaye akapokea thamani, ameshiriki.

Wala tusidhani haya ni ya Berlin na Birmingham tu. Mwanzoni mwa 2008, mpakani mwa Borabu ya Nyamira na Sotik, majirani walipigana kwa mishale na mapanga. Panga la shambani ni halali. Lakini mwenye duka aonaye vijana wenye hasira wanunua mapanga usiku, akahesabu fedha akanyamaza, na ajiulize atajibu nini Siku ya Hesabu.

Wallahu aalam.