Mwizi Alipe Mara Ngapi?

Neno: Kutoka 22:1–4, Hesabu 5:6–7, Kumbukumbu la Torati 25:1–3

Kuna watu wanasema wimbo si ng'ombe. Ukiunakili kwenye flashi, mwenyewe bado anao, sasa umemwibia nini? Umemwibia pesa ya studio aliyolipa na mauzo ambayo hayatakuja. Huo ni wizi, sitabishana hapo. Nauliza tu, mwizi huyo alipe ngapi?

Kule Marekani, jimbo la Minnesota, mama mmoja alishtakiwa na kampuni za muziki kwa kuwagawia watu nyimbo 24 kupitia intaneti. Wimbo mmoja ulikuwa ukiuzwa senti 99, hata dola haifiki. Mwaka 2007 raia walioketi kuamua kesi wakasema alipe dola 222,000. Kesi ikarudiwa 2009, wengine wakapandisha hadi dola 1,920,000! Jaji mwenyewe akaona hiyo imezidi, akaishusha hadi 54,000. Lakini 2012 mahakama ya rufaa ikarudisha zile 222,000. Piga hesabu: zaidi ya dola 9,000 kwa kila wimbo.

Hoja yao ilikuwa kwamba wimbo ukishasambaa haukusanyiki tena. Ni kweli, na Torati inalijua jambo hilo. Aliyekutwa na mnyama angali hai hulipa mara mbili. Akishamchinja au kumuuza, kondoo ni mara nne na ng'ombe mara tano, kwa maana hawezi kurudi zizini. Mithali 6:31 inapanda mpaka mara saba. Mara saba, si mara elfu tisa! Tena Kumbukumbu inaweka kikomo cha viboko, arobaini basi, ili ndugu yako asidharaulike machoni pako. Hata akiwa na hatia bado anaitwa ndugu. Mnanipata?

Nasema haya kwa sababu tuna jambo letu hapa. Kijana mmoja aliwawekea watu kumi na mmoja albamu ya kwaya kwenye flashi, kila mtu shilingi 50, wakati kwaya wanaiuza 300. Wazee wengine wanataka asimamishwe huduma mwaka mzima na atangazwe madhabahuni. Wengine, hasa wale wenye hizo flashi, wanasema tumwachilie tu. Sikubaliani na upande wowote. Kwaya bado wana deni la studio.

Kijana huyu hakushikwa. Alikuja mwenyewe akakiri, na kwa mtu wa namna hiyo Hesabu 5:7 inataka alipe kamili na kuongeza sehemu ya tano. Kumi na moja mara 300 ni 3,300. Ongeza 660, inakuwa shilingi 3,960. Atalipa kidogo kidogo kwa mweka hazina wa kwaya, wala si kwa kanisa, na Jumapili ataendelea kupiga kinanda.

Wale kumi na mmoja nao, mweka hazina anakaa mlango wa nyuma baada ya ibada.