Dhamana ya Fundi

Hoteli ninayofanyia kazi, pwani ya mashariki ya Unguja, haitaki tena kuajiri fundi umeme, fundi bomba na seremala, kila mmoja na nafasi yake. Inataka mafundi wa kazi zote: leo koki, kesho kitasa, jioni soketi iliyoungua. Wenzangu wengi wanalijadili jambo hili kwa hesabu ya mshahara. Kwangu mimi ni suala la dini.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu chake cha Ihya alihesabu kilimo, ufumaji na ushonaji kuwa ni fardhi kifaya. Mji ukikosa watu wa kuzifanya kazi hizo, wote wanaingia lawamani; akipatikana anayezitekeleza, wengine wametuliwa mzigo. Sioni kwa nini umeme wa leo usiingie humo. Kwa hesabu hiyo, anayeishika kazi moja barabara ana hoja. Lakini fardhi hiyohiyo ina upande wa pili: asipokuwepo mwingine wa kuitimiza, inamwangukia aliyepo. Bomba likipasuka saa nane usiku na zamu ni yangu, kusema mimi ni wa umeme si jibu la kumpa Mola. Yanipasa nijue koki kuu ilipo, niende nikaifunge.

Na wapo waliojaliwa mikono mingi. Watu huwatupia ile methali ya mshika mawili. Mimi siwatupii, kwa sababu nimefanya kazi na mzee mmoja wa aina hiyo. Kuna chumba kilichokuwa kikikata umeme kila usiku. Nilikagua soketi moja moja, nikapima nyaya, sikuona kitu. Mzee aliingia, hakugusa waya hata mmoja, akatazama doa la unyevu kwenye dari. Mpira wa kutolea maji ya kiyoyozi ulikuwa umeziba, na maji yalikuwa yakidondokea kwenye kiboksi cha maungio ya nyaya. Mimi nilikuwa nikiutazama umeme. Yeye aliitazama nyumba nzima.

Mzee huyohuyo ndiye aliyefunga hita ya kuogea katika jengo la zamani. Nilipofungua kifuniko chake, nilikuta mabomba yamekazwa vizuri mno, hakuna hata tone. Waya wa kijani na njano ulikuwa umekatwa mfupi, umekunjwa, ukazungushiwa tepu nyeusi. Erthi haikuungwa popote. Nilimwita, nikamwonyesha.

“Mwanangu,” akasema, “mimi nikiona hapavuji, moyo wangu unatulia.”

“Umeme nao huvuja, mzee wangu, ila haulowanishi sakafu.”

Aliuangalia ule waya kwa muda mrefu, kisha akaniomba nimfundishe kuupima.

Hakuwa mzembe. Alichukua kipimo cha uaminifu wa kazi moja akakipeleka kwenye kazi nyingine, na hapo ndipo ninapoiona hatari. Bomba bovu humshtaki fundi wake siku hiyohiyo. Mlango uliokaa vibaya hukwaruza sakafu. Erthi isiyoungwa haimshtaki mtu. Taa inawaka, maji yanapata moto, mgeni anaoga, fundi analipwa. Hali inaendelea hivyo mpaka siku elementi ipasuke na volti 230 zipande kwenye chuma cha hita, na anayeguswa ni mtu ambaye hakumchagua fundi wala hakuwahi kumwona.

Huku kwetu jambo ni zito zaidi, maana ardhi ni matumbawe na mchanga mkavu usiopitisha umeme kwa urahisi, na chumvi ya bahari inakula klampu. Nondo ya erthi inaweza kuonekana imechimbiwa vizuri na isimwokoe mtu. Bila mashine ya kupimia huwezi kujua. Ihsani tuliyosomeshwa chuoni, ya kuishi ukijua unaonwa na Mola usiyemwona, nimeielewa zaidi nikiwa nimechuchumaa kwenye shimo la erthi.

Imepokewa hadithi kwa Abu Daud kwamba anayejitia kutibu watu hali hajulikani kwa utabibu, madhara yakitokea dhamana ni yake. Nia njema haimwondolei. Naamini hukumu hiyo inamhusu kila anayeshika kazi ambayo kosa lake limejificha na anayeumia ni mwingine. Kwa hiyo simwulizi fundi anajua kazi ngapi. Namwuliza, katika kila moja, ana njia gani ya kujua kwamba amekosea kabla mtu hajaumia. Mwenye njia hiyo katika kazi tano, Mungu ambariki. Asiyekuwa nayo katika hiyo moja anayojivunia, namwogopa.

Meneja ameniuliza kama nakubali kuandikwa fundi wa kazi zote, kwa nyongeza nzuri. Nimekubali mabomba, vitasa na rangi, na nimeomba mzee anisimamie mpaka nizijue. Nimeweka sharti moja: kazi yoyote ya umeme, afanye nani, ipimwe kwa mashine kabla mgeni hajaingia chumbani, na aliyepima aandike jina lake kwenye daftari. Hita zote za jengo la zamani zianze. Mashine ya kupimia erthi ina bei, na sharti langu bado halijajibiwa.