Huruma Isiyovuka Kizingiti

Bwana wetu alifundisha kwamba amzuruye mgonjwa amemzuru Yeye. Je, yawezekana kumpenda mgonjwa kwa kutomwendea?

Tangu mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imewapandikiza uloto watoto wenye selimundu, uloto unaotolewa na ndugu zao. Tuseme mtoto mmoja wa namna hiyo amerudi kwao Kariakoo, katika nyumba ya vyumba sita na ua mmoja. Majirani waja kumpa pole, huyu na machungwa, yule na mwanawe mwenye mafua. Mama akiwazuia, aambiwa ana majivuno. Wazee hawakusema mgeni njoo, mwenyeji apone?

Tufahamu kwanza hali ya mtoto. Kabla ya kupandikizwa, uloto wake wa zamani hushindwa kwa dawa kali, na kinga yake huanguka pamoja nao. Hata ile aliyoipata kwa chanjo za utotoni huweza kupotea. Kinga mpya hujengwa kwa miezi mingi. Madaktari humpa dawa za kuzuia virusi, na kumpima damu mara kwa mara, kwani virusi vilivyolala mwilini huweza kuamka. Lakini chanjo ya surua, yenye virusi hai vilivyodhoofishwa, kwa kawaida hungojewa yapata miaka miwili. Nayo surua huweza kukaa hewani hata saa mbili baada ya mgonjwa kutoka chumbani. Basi ukuta wa mtoto huyu ni sisi: chanjo za watoto wetu, mikono iliyooshwa kwa sabuni, baba atokaye sokoni akanawa na kubadili nguo kabla ya kumkumbatia.

Wengine watasema, “Mungu atamlinda.” Hakika, lakini Mungu hulinda pia kwa mikono ya watu. Ndugu ametoa uloto wake. Jirani ashindwe kumpeleka mwanawe kliniki kuchanjwa?

Kipimo cha mapendo si raha ya mpendaji, bali mema ya mpendwa. Aendaye kwa mgonjwa ili aonekane amekwenda, amejizuru mwenyewe. Mwenye kikohozi na abaki kwake. Atume sabuni na nauli ya hospitali, amwombee mtoto kwa Rozari. Nanyi akina mama, msione haya kufunga mlango. Siku madaktari watakapouruhusu ufunguliwe, hapo ndipo mgeni aje, na mwenyeji atakuwa amepona kweli.