Biashara ya Picha na Haki ya Mnunuzi

Tumeulizwa na ndugu mmoja, muuza nguo hapa Mombasa: Je, ni halali yake kuuza kwa picha ya simu na kumwambia mnunuzi kuwa mali ikishauzwa hairudishwi? Suala hili si dogo, kwani wengi katika sisi leo twala kwa biashara hiyo.

Asili yake yajulikana. Ugonjwa wa korona uliingia Kenya mwezi wa Machi 2020, ikaja kafyu ya usiku. Kisha tarehe 6 Mei, nasi tumo ndani ya Ramadhani, Mji wa Kale ukafungwa, haingii mtu wala hatoki. Mwenye duka aliyekwisha kuleta nguo za Idi, mali ilimlalia. Ndipo watu wakashika simu, wakapiga picha bidhaa zao, wakapokea fedha kwa M-Pesa. Hatuwalaumu, bali twawasifu. Wako wanawake walioanza hivyo jikoni mwao, na leo wawapita waume wenye maduka, ijapokuwa baadhi ya waume hawapendi kulisikia hilo.

Siku zile mnunuzi alisamehe mengi. Nguo ikija na rangi nyingine alinyamaza, kwani angeirudisha vipi? Lakini kafyu iliondolewa Oktoba 2021, njia zi wazi, na lile neno “hairudishwi” limebaki. Ruhusa ya dharura huondoka pamoja na dharura yenyewe.

Sisi twafuata madhehebu ya Imamu Shafii, na kauli yenye nguvu humo ni kuwa kuuza kitu maalumu kisichoonwa hakusihi. Mahanafi wamejuzisha, lakini wamempa mnunuzi hiari atakapokiona. Basi mwenye kukimbilia rukhsa yao na aichukue pamoja na sharti lake, asichukue nusu yenye faida. Na akisema picha ni kuona, twamjibu kuwa picha huonyesha upande autakao mwenye kuipiga. Mtume (S.A.W.) alitia mkono katika fungu la chakula sokoni akakuta umaji ndani. Muuzaji akataja mvua. Naye akamuuliza mbona hakuuweka juu watu wakauona. Picha nyingi za leo ni fungu lile, kavu juu.

Tulimwambia ndugu yetu: maneno ya simu yawe ahadi tu, na mauziano yatimie mlangoni, mnunuzi akishaishika nguo. Akajibu kuwa nauli ya bodaboda, kwenda na kurudi, itamla faida. Hoja hii ni ya kweli. Tukamwambia nauli waafikiane mapema iwe juu ya nani, ama nguo isiyoonwa ingali yake yeye. Hakuridhika. Alisema wenziwe wote wauza vile, na akiwa peke yake mwenye kukubali kurudishiwa, wanunuzi wote wenye kuchagua watamjia yeye.

Tukamuuliza kama hiyo ndiyo hasara anayoiogopa.