Nani Anayesema?

Mashabiki wa hip-hop tukibishana nani mkali, hatukawii kuhesabu vina. Fulani anafunga vina vinne kwenye mstari mmoja, fulani ana mafumbo mpaka urudie kusikiliza, fulani "anaongea tu". Hukumu imepita. Hata taji alilovikwa Afande Sele mwaka 2004 liliitwa Mfalme wa Rhymes, utadhani ufalme wa mchanaji uko kwenye vina peke yake. Na Afande, kwa anayeukumbuka wimbo wake "Darubini Kali", alikuwa na mengi zaidi ya vina.

Kwa Kiswahili, kina si kazi ngumu. Silabi zetu karibu zote huishia na irabu, vitenzi vingi huishia na "a". Ukitaka kufunga vina kutwa nzima, lugha yenyewe itakubeba. Ndiyo maana washairi wa mwambao hawakuridhika navyo. Walidai na mizani, silabi nane kwa nane, mtu asijitambe kwa alichopewa bure. Mchanaji naye ana mizani yake, ila haionekani kwenye karatasi. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Ngoma ikidunda pengine, neno linapinda, na msikilizaji anahisi kuna kitu kimekwenda kombo asijue ni nini. Fundi huuchelewesha mstari kidogo, au huvuta pumzi mapema, mpaka mkazo na ngoma vikutane. Sisi tunasema "ana flo" tukaishia hapo, kana kwamba alizaliwa nayo.

Lakini kinachoniudhi zaidi ni kusahau kuuliza nani anayesema. Chukua wimbo "Ndio Mzee" wa rapa Professor Jay, wa mwaka 2001. Yaandike maneno yake daftarini, utakuta Kiswahili cha kila siku, hakuna fumbo la kukufanya ukeshe. Anayesema mle si Jay. Ni mgombea jukwaani, anaahidi maziwa bombani na masomo ya vitendo mwezini, na umati unaitikia "ndio mzee" kwa utii. Kejeli yote imelala kwenye kuitikia kule. Mgombea hajui kwamba anachekesha, umati haujui kwamba unachekwa. Tunaojua ni sisi wasikilizaji, na kicheko kinakatika tukikumbuka kwamba mkutano kama ule tumewahi kuhudhuria, tena tukapiga makofi. Ondoa umati, utabaki na msanii anayewasema wanasiasa, jambo ambalo rapa yeyote analiweza.

Baadaye alitoa "Siyo Mzee", umati safari hii ukakataa. Mahesabu ya vina hayawezi kukuonyesha kilichobadilika kati ya nyimbo hizo mbili.

Mwaka 2015 Jay mwenyewe alipanda majukwaani kuomba kura, akawa mbunge wa Mikumi hadi 2020. Alikuwa akiwaahidi watu wanaokijua kiitikio chake kwa ghibu.