Waliotupa Mgongo



Katika jumba la Alte Nationalgalerie, Berlin, kuna picha ya rangi za mafuta ambayo upana wake haufiki mita moja. Caspar David Friedrich aliichora mwaka 1822. Wanawake wawili na mwanamume mmoja wameketi juu ya jabali ufukweni mwa Baltiki. Mwezi unachomoza mawinguni, na merikebu mbili zinakuja pwani kwa matanga. Nyuso za watu hao hatuzioni. Wote wametupa mgongo.

Friedrich alipenda kuchora watu hivyo, na wapo wanaomwona mkavu. Mimi naiona ni adabu. Angetuonyesha nyuso, tungeanza udaku: nani analia, nani mke wa nani. Tukikosa cha kuchunguza, tunatazama wanakotazama wao. Ibada zetu zingefaidika na mpangilio huo, nasi wachungaji tukiwa wa kwanza kupisha.

Wala Friedrich hakuwa mtu wa kuchezea maji. Alizaliwa mwaka 1774 huko Greifswald, mji wa pwani, katika nyumba ya Kilutheri. Baba yake alitengeneza sabuni na mishumaa. Mama alifariki Caspar akiwa bado mdogo. Kisha mwaka 1787 barafu ikapasuka na ndugu yake Johann Christoffer akafa maji. Inasimuliwa kwamba alikuwa akijaribu kumwokoa Caspar mwenyewe. Baadaye Friedrich alihamia Dresden, mbali na pwani, ambako angeweza kuchora milima tu hadi uzeeni. Milima aliichora, lakini bahari hakuiacha. Hata baada ya kupata kiharusi mwaka 1835, mkono ukiwa dhaifu, alichora tena ufuko wenye mbalamwezi, wenye giza kuliko ule wa 1822. Picha hiyo iko Hamburg.

Wapo wataalamu wasemao kwamba mwezi wa Friedrich ni Kristo, na merikebu ni maisha yanayokaribia bandari. Huenda. Ila mimi napenda merikebu zibaki merikebu, zenye mabaharia waliochoka, ambao punde watahitaji mtu ashuke jabalini awapokee kamba.

Juma hili someni Zaburi ya 107, pale inapowataja wasafiri wa baharini, kisha mwombeeni kwa jina mtu mmoja mnayemjua ambaye kazi yake ni ya majini usiku. Kama ana familia hapa mtaani, piteni muwajulie hali.