Miwani ya mpasuaji na suala la dhamana

Tarehe 8 Juni, 2020, madaktari wa hospitali ya Johns Hopkins huko Baltimore, Marekani, walimtia mgonjwa skrubu sita katika uti wa mgongo, huku mpasuaji akiwa amevaa miwani maalumu. Kupitia miwani hiyo aliiona taswira ya mifupa imelala juu ya mgongo ule ule aliokuwa akiupasua, kana kwamba nyama na ngozi vimekuwa kioo. Siku mbili baadaye waliitumia tena kuondoa uvimbe wa saratani.

Nasema wazi kuwa hili ni jambo la kheri. Skrubu ya uti wa mgongo ikipotoka milimita chache inaweza kugusa neva, mtu akapooza. Anayekataa chombo cha kuzuia balaa hilo kwa kuwa tu kimebuniwa ugenini, huyo simwelewi.

Lakini swali lipo. Mafaqihi walikwishasema zamani kuwa mtu anayejitia utabibu ilhali hajulikani kwa elimu hiyo, akamdhuru mgonjwa, anabeba dhamana. Sasa ndugu msomaji, hapa inayokata ni elimu ya nani, ya daktari au ya miwani?

Usidhani nacheza na maneno. Kile anachokiona daktari si mwili wa mgonjwa. Ni picha ya CT ambayo kompyuta imeilaza mahali pake kwa kufuata alama iliyofungwa kwenye mfupa. Kiwiko cha msaidizi kikiisukuma alama ile, picha inahama, na bado inang'aa vile vile.

Tena jicho lililoelekezwa pamoja huacha kuona pengine. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2013, mabingwa 24 wa radiolojia walipewa picha za mapafu watafute vinundu. Ndani yake walichomekewa sokwe, mkubwa mara 48 ya kinundu cha kawaida. Mabingwa 20 hawakumwona. Mabingwa hao!

Kwa hiyo mimi naona anayestahili kuivaa miwani hii ni yule ambaye ikizimika katikati ya kazi ataivua na kumaliza kwa macho na mikono yake. Mama yangu alipopasuliwa nilitia saini fomu ya ridhaa bila kuuliza chochote, tena nikashukuru. Siku nyingine, inshaallah, nitauliza: daktari, upasuaji huu umeufanya mara ngapi bila chombo? Akikasirika, nitamtafuta mwingine.